Toyota 86 kila siku Dar es Salaam: agiza, ila IST usiiuze

Msomaji mmoja anayeishi Goba ameniandikia: "Nina miaka 31, nimeoa, tuna mtoto wa miaka miwili. Nyumba yetu ipo Goba, ndani kidogo kutoka lami, na kazi yangu ipo Posta. Tangu nikiwa sekondari nalipenda Toyota 86. Sasa nina akiba, na nikiuza IST yetu nitaweza kuagiza ya mwaka 2014 kutoka Japani. Fundi wangu anasema gari la mbio halikai Dar, litaozea gereji. Mke wangu hajakataa, anacheka tu. Naomba ukweli: gari kama hili linaweza kuwa la kila siku?"

Mdogo wangu, linaweza. Fundi wako anakutisha bure kuhusu gari lenyewe. Alichopaswa kukuuliza ni njia unayopita kila siku, hasa zile mita chache kutoka lami hadi getini kwako, maana hapo ndipo magari ya mbio yanapofia katika mji huu. Ushauri wangu ni huu: 86 agiza, lakini IST ibaki nyumbani. Kama fedha haitoshi mpaka IST iuzwe, subiri uongeze akiba. Mwenye 86 na IST ana gari la kila siku. Mwenye 86 peke yake, akiishi Goba nje ya lami, ana gari la siku ambazo mvua haijanyesha na mtoto hajaumwa usiku.

Nianze na gari, kwa sababu limesingiziwa mengi. Watu wakisikia gari la mbio wanawaza injini inayotaka mtaalamu wake kila wiki. Toyota na Subaru walilibuni 86 kwa pamoja, likaanza kuuzwa mwaka 2012, na huundwa kwenye kiwanda cha Subaru huko Gunma. Pacha wake ni Subaru BRZ. Injini ni ya lita 2.0, haina turbo, silinda zake nne zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule. Nguvu farasi ni 200, na uzito wa gari zima ni kilo 1,200 na ushee. Mark X za lita 2.5 zilizojaa mjini zina nguvu za kiwango hichohicho, na hakuna anayesema Mark X haikai Dar. Asubuhi 86 linawaka kama Corolla, linatumia oili ya kawaida ya 0W-20, na halidai chochote cha ajabu.

Na anayedai kwamba gari la milango miwili haliziwezi barabara za kwetu akumbushwe mashindano ya East African Safari. Mwaka 1971, na tena 1973, ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye viti viwili, babu wa Fairlady Z za leo. Mwaka 1973 aliyeshika usukani alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini hayakuwa magari ya kutoka dukani moja kwa moja. Yalinyanyuliwa, yakawekewa bamba la kukinga injini, yakavalishwa tairi za njia mbovu. Kimo, bamba na tairi: hata wewe wa Goba, kazi yako kubwa ni hapo.

Sasa njia. Kutoka Goba unaweza kushuka Tangi Bovu ukaingia Barabara ya Bagamoyo, au ukapita Makongo ukatokea upande wa Chuo Kikuu na Mwenge. Kote ni lami, na kwenye lami sina wasiwasi na wewe. Wasiwasi wangu ni neno ulilolitaja kwa haraka: "ndani kidogo". Likitoka kiwandani, 86 lina nafasi ya takribani sentimita 13 kati ya sehemu yake ya chini kabisa na ardhi. Premio ina karibu 16. Tofauti ni vidole viwili tu, lakini Goba ni vilima na makorongo, na vidole viwili hivyo ndivyo vinavyoamua kama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, itapona.

Jumapili moja asubuhi chukua rula na kipande cha ubao ulionyooka, utembee kwa miguu kutoka lami hadi getini. Pima matuta. Matuta ya barabara kuu hayana neno. Yanayoua ni yale ambayo wananchi wamejijengea mtaani kwa kifusi na zege, mafupi, yaliyosimama wima kama ukuta. Tuta la sentimita 10 utalipita ukiwa peke yako. Weka watu wanne na mizigo, shokapu zinashuka, na tuta lilelile litakugonga. Pima pia mgongo unaobaki katikati ya njia baada ya magari kuchimba mifereji ya tairi pande mbili, kwa sababu huo hauna mahali pa kuukwepea na huwa mrefu zaidi mvua zinapokatika. Kisha pima mtaro wa mbele ya geti lako. Ukiona mwinuko unaanza ghafla, bampa la mbele litasugua kila siku unapoingia na kutoka, hadi klipu zake zing'oke.

Ukikuta sehemu moja au mbili mbaya, zinatengenezeka. Mwinuko wa geti unaweza kupunguzwa kwa zege lililoanza mbali zaidi, kazi ya siku moja ya fundi mwashi. Tuta la mtaani mnaweza kulizungumza na mjumbe na majirani. Mara nyingi wanachotaka ni magari yapunguze mwendo watoto wasigongwe, na tuta pana lenye mteremko mpole linafanya kazi hiyohiyo. Lakini ukikuta njia nzima ni mgongo na mawe, usijidanganye. Subiri TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wafike, au uhamie karibu na lami, ndipo uagize.

Uendeshaji nao una mchango. Watu wengi hufika kwenye tuta huku mguu bado uko kwenye breki. Gari likikanyagwa breki pua inainama, na wewe unahitaji iwe juu. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi ya mbele haijagusa tuta, gari lipande likiwa limetulia. Kwa tuta refu kwenda juu, lichukue kwa mshazari ili tairi moja ipande kabla ya nyingine. Angalia bodaboda kwanza, maana ukikata mshazari wao huona umewapa nafasi ya kupita.

Bamba lifungwe. Chini ya 86 kuna kifuniko cha plastiki ambacho kinazuia matope tu. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani wanaweza kukutengenezea bamba la chuma, ila wasimamie: liwe na matundu ya kupitisha hewa, liwe na tundu la kumwagia oili, na lishikwe kwenye fremu, kamwe lisishikwe kwenye injini yenyewe. Ukitaka kunyanyua gari, spesa, vipande vya kunyanyulia vinavyofungwa kwenye shokapu, za kama sentimita 2 zinatosha, na baada yake pima alaimenti siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo unaanza kuua kona, na kona ndiyo uliyolipia. Fundi akikwambia atakuwekea springi za gari jingine, toka.

Kwenye tairi kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawatakwambia. 86 daraja la GT, ambalo ndilo lililojaa sokoni, huja na tairi 215/45R17. Ukuta wa tairi hiyo una karibu sentimita 9.7. Premio yenye 195/65R15 ina ukuta wa karibu sentimita 12.7. Ukuta mfupi maana yake shimo la ghafla linagonga rimu moja kwa moja, rimu inapinda, tairi inatoa kinundu pembeni, nawe unarudi mjini kutafuta saizi ambayo haipo kila duka. Lakini Toyota hawahawa waliuza 86 daraja la G Japani ikiwa na tairi 205/55R16. Ukuta wake unafika karibu sentimita 11.3, na kipenyo cha tairi nzima kinatofautiana na ile ya 17 kwa takribani asilimia 1 tu, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Saizi hiyo unaipata kwa urahisi mjini. Mimi gari la kila siku la Dar ningelivalisha rimu za 16, zile za 17 nikazitunza stoo. Jaribu kwanza kama rimu inapita kwenye kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki. Breki za kawaida huwa hazina shida, ila zile kubwa za Brembo zilizowekwa kwenye matoleo maalum hazitakubali. Na upepo uwe karibu psi 35, upimwe tairi zikiwa baridi. Vijana wengi wa vibanda vya upepo hujaza kwa mazoea, kwa hiyo nunua kipimo chako mwenyewe.

Tukifika kwenye mvua, hapo sina mjadala. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mji huu una sehemu ambazo kila mtu anazijua. Jangwani ikijaa, hata mabasi ya mwendokasi husimama. Kwenye 86 injini imekaa chini sana, na pua inayovuta hewa ni ya kimo kifupi. Maji yakiingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Pistoni inapanda, inakutana nayo, na konrodi, mkono unaoisukuma pistoni, inapinda. Injini imekwisha kwa sekunde moja. Kipimo chako kiwe hiki: maji yakifika kizingiti cha mlango, geuza. Ikitokea gari limezimika ndani ya maji, usiwashe tena hata kwa majaribio. Lisukumwe, lipelekwe gereji, plagi zitolewe kwanza. Injini nyingi zilizoharibika kwa mafuriko hazikufa maji yalipoingia. Zilikufa mwenye gari alipopiga ufunguo mara ya pili. Siku za namna hiyo ndizo ninazokutakia uwe na IST, au uache magari yote mawili ukapande mwendokasi. Na unapokata bima kubwa, soma kifungu cha mafuriko kabla hujasaini.

Foleni inaogopwa kuliko inavyostahili. Ukitoka Tangi Bovu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukakaa Mwenge, ukakaa Makumbusho, ukakaa Morocco, injini ya 86 haiumii zaidi ya injini nyingine. Anayeumia ni mguu wako wa kushoto, pamoja na klachi. Najua vijana mnataka gia ya mkono, na kwa kweli kwenye gari hili ni tamu sana. Lakini kwa safari yako ya kila siku nakusihi uchukue otomatiki. Gia boksi yake ni ya gia sita, imetengenezwa na Aisin, ni ya mfumo wa kawaida wa mafuta unaovumilia kusimama na kwenda. Ya mkono ina udhaifu unaojulikana wa beringi ya klachi, na kuibadilisha ni kushusha gia boksi. Ukiishi karibu na kazi, au ukitembea saa ambazo barabara ni nyeupe, chukua ya mkono ufurahi.

Kwenye joto la Februari, feni na rejeta ndivyo vinavyokubeba. Na hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimechoka kuona injini nzuri zikifa kwa ajili ya jambo hili: usimruhusu fundi yeyote akutolee thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Ni mazoea yaliyoenea mjini. Gari likichemka tu, fundi anaitupa thamostati, anaweka maji ya bomba badala ya kulanti, na mwenye gari anaona joto limeshuka anashukuru. Kilichotokea ni kwamba injini sasa haifikii joto lake la kazi. Kompyuta inaamini bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, petroli inachanganyika na oili, na maji ya bomba yanakula alumini kwa ndani. Gari lililochemka lina sababu: feni haizunguki, rejeta imeziba, kuna mvujo, mfuniko umechoka. Itafutwe hiyo sababu. Fundi asiye na muda wa kuitafuta hakufai, awe wa IST au wa 86.

Petroli haitachukua muda wetu mwingi. Injini hii inabana kwa uwiano wa 12.5 kwa 1, na Wajapani wameandika kwenye kifuniko cha tangi kwamba inataka haioku, petroli yao ya daraja la juu. Ina sensa inayosikia injini ikianza kugonga na kurudisha nyuma muda wa kuwasha moto, kwa hiyo petroli ya kwetu haitaiua, itapunguza tu nguvu kidogo. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai muda mrefu kwenye matangi ya chini. Na kwa ulaji, kipimo cha Kijapani kinasema kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Foleni ya Bagamoyo itakushusha chini ya hapo, na IST itakushinda siku zote. Bei elekezi za EWURA hutoka kila mwezi, kwa hiyo piga hesabu yako mapema.

Shemeji anayecheka ana hoja, na nafikiri anakusubiri uione mwenyewe. 86 lina viti vinne kwenye karatasi. Vya nyuma vina ndoano za kufungia kiti cha mtoto, lakini kumfunga mtoto wa miaka miwili ni kuinama, kukunja kiti cha mbele, kuingiza nusu ya mwili ndani, jua likiwa mgongoni. Milango ni mirefu. Ukiegesha Kariakoo ukabanwa na gari jingine, hautafunguka vya kutosha kumtoa mtoto. Mama mkwe akija kutoka mkoani na magoti yake, kiti cha chini vile ni adhabu kwake. Buti linameza ununuzi wa wiki, na mgongo wa kiti cha nyuma ukilazwa nafasi inakuwa kubwa kweli; watengenezaji walikusudia tairi nne ziingie humo. Lakini mgongo ukilazwa, mtoto hana pa kukaa. Kwa safari yako ya kwenda kazini hakuna hata moja ya hizi shida. Kwa Jumamosi ya familia zipo zote. Ndiyo maana narudia habari ya IST, ambayo ukiiuza leo itakupa fedha kidogo kuliko amani itakayoondoka nayo.

Kwa upande wa kodi, ya 2014 haikufai. Gari lolote la abiria linaloingia hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ambao kwa injini kati ya cc 1,001 na 2,000 (lita 1 hadi 2) ni asilimia 5, na VAT asilimia 18. Juu ya hapo kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, lililovuka miaka 10 asilimia 30. Ya 2014 tayari imevuka. Piga hesabu ya takribani kwa gari ambalo TRA wamelithamini shilingi milioni 10 pamoja na usafiri: lisilo na uchakavu linadaiwa kama milioni 5.5, lililovuka miaka 10 linadaiwa karibu milioni 9.9, bado tozo ndogondogo na usajili. Kumbuka kwamba TRA wanatumia thamani ya kwenye mfumo wao, hata kama risiti yako inasema vingine, kwa hiyo ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo chao kabla hujamlipa mtu. Mara nyingi utagundua gari la miaka michache mbele halizidi bei kama ulivyodhani, likishafika bandarini.

Kuna sababu nyingine ya kusogea mbele. Mwaka 2018 watengenezaji waliyaita yarudishwe kutengenezwa magari ya mwanzo, yaliyotoka 2012 na 2013, kwa ajili ya springi za valvu zilizoweza kuvunjika, na kazi hiyo ilihitaji injini itolewe. Ukishawishika na ya bei rahisi ya miaka hiyo, dai ushahidi kwamba kazi ilifanyika. Mimi ningetafuta iliyotoka baada ya maboresho ya Agosti 2016. GR86 mpya ya mwaka 2021 ni nzuri zaidi, lakini injini yake ya lita 2.4 inavuka cc 2,000 na kukupeleka kwenye ushuru wa asilimia 10.

Spea za kuhudumia, yaani filta, plagi, breki na bushi, zinaagizwa bila taabu, ingawa Shaurimoyo hutaikuta 86 imekatwakatwa kama unavyokuta Corolla. Maana yake taa moja au bampa lililovunjwa na bajaji linaweza kukusimamisha wiki kadhaa hadi mzigo ufike. Vioo vya pembeni vichongwe namba ya gari siku ya kwanza, na hata hivyo usiliache nje usiku.

Kama umesoma hadi hapa na bado IST lazima iuzwe, basi tafuta gari lenye milango minne na roho ya mbio. Altezza RS200 ya gia sita bado inaweza kukufanya utabasamu, na mafundi wanaijua, ila zote ni za zamani na nyingi zimechezewa. Mark X ni tulivu zaidi, inasukuma magurudumu ya nyuma, familia inakaa vizuri. Ila ushuru wa injini yake uko kwenye asilimia 10. Suzuki Swift Sport ya lita 1.6 ndiyo watu wanaisahau: nyepesi, inakula kidogo, kiti cha mtoto kinaingia bila kuvunja mgongo. Nayo iko chini, kwa hiyo rula yako bado ina kazi. RX-8 utaiona kwa bei ya kushangaza, na ina milango minne. Iache. Injini yake ya kuzunguka inachoma oili kwa namna ilivyobuniwa, ikichoka inagoma kuwaka ikiwa ya moto, na mjini hapa wanaoweza kuipima sawasawa ni wachache mno.

Umeniuliza kama linawezekana, hukuniuliza kama linafaa kupendwa, lakini nadhani swali la pili ndilo lililokuandikisha. Ndani ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, trafiki wana tochi, na hata bila tochi kuna watoto wa shule wanavuka. Hutaendesha kwa kasi. Utakachopata kila siku ni usukani unaokuambia barabara ikoje, kiti kinachokushika, gari linalogeuka pale unapolitazamisha. Hata mzunguko wa kawaida ukitoka Mwenge unapendeza. Na siku ya mapumziko, IST ikiwa imebaki na kiti cha mtoto kwa shangazi, mchukue shemeji mwende Lushoto. Kutoka Mombo barabara ni ya lami, inapanda Usambara kona baada ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, na gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya njia ya namna hiyo. Mwendo wa kawaida kabisa, madirisha chini. Nafikiri kicheko chake kitabadilika.

Ukifika hatua ya kuagiza, omba karatasi ya mnada, ile inayoeleza hali ya gari, kabla ya kulipa chochote. Daraja liwe 4 au zaidi. Ukiona R au RA, gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Liache, maana kwenye gari lililo chini namna hii fremu iliyopinda haifichiki barabarani. Epuka lililoshushwa springi au kubadilishwa eksozi huko Japani, hata kama picha zinavutia, kwa sababu hujui lilikuwa linakimbizwa wapi. Omba picha za chini ya gari: kutu nyingi ina maana lilitoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Tazama upande wa mbele wa injini kama kuna oili inayovuja kwenye kava la cheni, tatizo linalojulikana kwenye injini hii. Na kabla ya yote hayo, Jumapili hii, chukua rula utembee hadi kwenye lami.